“Tunapokea magunia 2”: namba inaposimama mahali pa neno

“Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, wilaya ya Newala. Meseji za wanachama huandikwa na kijana wetu wa ofisini. Juzi alituma hii: ‘Ndg wanachama 2napokea magunia 2. J4 saa 4 2o8 ghalani 7bu gari linaondoka cku hyo. C lazima kitambulisho.’ Alichokusudia ni kwamba tunapokea korosho zilizo kwenye magunia tu, viroba hatuvitaki. Wapo waliokuja na magunia mawili wakaacha mengine nyumbani, wakidhani tumeweka kikomo. Wapo waliokuja saa kumi alasiri, gari limeshaondoka. Wengine waligeuza njiani kufuata kitambulisho. Kijana anajitetea kuwa kufupisha kunaokoa hela ya meseji, na kwamba siku hizi kila mtu anasoma hivyo. Je, nimkataze kabisa? Halafu nina binti yuko kidato cha pili, naye daftari lake limejaa ‘m2’ na ‘xaxa’. Kiswahili chake hakitaharibika?”

Katibu, pole kwa lawama zilizokuangukia. Umeuliza kama umkataze kijana, kama kweli hela inaokolewa, na kama binti yako yuko hatarini. Nitaanza na yale magunia, kwa sababu ukielewa kilichotokea pale, hayo mengine yatajibika kwa urahisi.

Kijana wako ametumia namba 2 mara tatu: kwenye “2napokea”, kwenye “magunia 2” na kwenye “2o8”. Mara zote tatu alitaka isomwe “tu”. Mara mbili amefaulu na mara moja ameshindwa, na kushindwa kwake kuna sababu ya kisarufi.

Kwenye “2napokea” namba imegandana na herufi. Hakuna neno “mbilinapokea”, kwa hiyo msomaji mzoefu anaiacha hesabu, anatafuta sauti nyingine ya namba hiyo na kuipata. Kwenye “magunia 2” hakuna kinachomsukuma kutafuta. Namba imesimama peke yake baada ya jina, na katika Kiswahili hapo ndipo hesabu inapokaa: magunia mawili, kilo themanini, watu watano. Neno “tu” nalo linakaa palepale: magunia tu, kilo tu, watu tu. Kiingereza huweka hesabu kabla ya jina, kwa hiyo kwao mgongano huu hautokei kirahisi. Kwetu nafasi ni moja kwa yote mawili. Msomaji akiona 2 baada ya “magunia” anajiongezea kiambishi cha ngeli kichwani, anapata “mawili”, na safari yake imekwisha. Aliyekuja na magunia mawili amesoma Kiswahili sahihi kabisa. Asilaumiwe, wala asiambiwe kwamba amepitwa na wakati.

Sasa tazama alichofanya kijana kwenye hizo namba nyingine. Ndani ya meseji moja amemtaka msomaji abadilishe ufunguo mara kadhaa bila kumwambia.

Namba 2 inasomwa kwa jina lake la Kiingereza, linalotamkwa karibu sawa na “tu”. Imeenea kuliko zote kwa sababu silabi “tu” iko kila mahali kwetu: ni “sisi” mwanzoni mwa kitenzi (2naenda), ni mtendwa katikati (wame2ita), ni mkia wa majina (m2, w2, ki2), na ni neno kamili lenye maana ya pekee. Namba 8 kwenye “2o8” inasomwa kwa Kiswahili: tu-o-nane. Yaani katika alama tatu tu, msomaji anaanza na Kiingereza na kumalizia na Kiswahili. Namba 7 kwenye “7bu” ni Kiswahili pia: saba-bu. Namba 4 kwenye “J4” si mchezo hata kidogo, kwa kuwa Jumanne imebeba nne ya kweli ndani yake, siku ya nne ukihesabu kutoka Jumamosi. Na 4 ya “saa 4” ni hesabu ya kawaida. Halafu inakuja herufi C, inayosomwa kwa jina lake la Kiingereza, “si”.

Kwa vijana waliokua na simu mkononi mabadiliko hayo hayaonekani hata kidogo. Kwa mzee aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, anayeongea Kimakonde nyumbani na Kiswahili sokoni, na ambaye jina la Kiingereza la namba 2 halimjii haraka, mstari wa kwanza tu unamwambia “mbilinapokea”. Atampelekea mjukuu amsomee. Mjukuu akiwa shuleni, atakisia. Hivyo hoja ya kwamba “kila mtu anasoma hivyo” haina ukweli kwa chama chenye wanachama wa rika zote.

Hata hivyo usidharau ufundi uliomo. Kiswahili kinafaa sana kwa mchezo huu, kwa sababu silabi zetu karibu zote huishia na irabu na majina ya namba zetu yameundwa hivyo hivyo. Ndiyo maana namba huingia ndani ya neno bila kuacha ufa. Pamoja huwa “pa1”, umoja huwa “u1”. Kutatua huwa “ku3a” na utatuzi “u3zi”. Namba 5 hukaa kwenye majina yatokanayo na vitenzi vya kutendana vyenye t mwishoni: kukutana hutoa mkutano, “mku5”, kupatana hutoa mapatano, “mapa5”. Namba 8 hukaa kwenye tuonane na tufanane. Kumi huingia kwenye kumiliki, “10liki”. Mia huingia kwenye hamia, “ha100”, na kwenye ngamia. Namba 4 na 9 ni ngumu kupata kazi. Nne ina n mbili zinazokataa kushikana na maneno mengine, na tisa haina maneno mengi ya kujificha ndani yake.

Inayonivutia zaidi ni 6. “Sita” kwa sauti ni sawasawa na viambishi vya nafsi ya kwanza, kukanusha na wakati ujao vikiwekwa pamoja. Kwa hiyo “6enda” ni sitaenda, “6kubali” ni sitakubali, “6lipa” ni sitalipa. Alama moja imebeba mimi, hapana na kesho. Anayeweza kuliona hilo ameshaigawa lugha yake silabi kwa silabi na anajua kila kiungo kinafanya kazi gani. Huo hauwezi kuitwa ujinga wa lugha.

Wala si jambo la vijana wa leo. Mbinu ya kuchukua alama kwa sauti yake na kuiacha maana yake ni ya zamani kama uandishi wenyewe. Miaka takriban 5,000 iliyopita, Misri, jina la mfalme Narmer liliandikwa kwa picha ya kambare na picha ya patasi, kwa kuwa sauti za majina ya vitu hivyo, “nar” na “mer”, zilitoa jina la mfalme. Wasumeri walitumia mchoro wa mshale, uliotamkwa “ti”, kuandika neno la uhai, ambalo nalo lilitamkwa hivyo. Uandishi wa sauti uliweza kuzaliwa kwa sababu watu walikubali kwamba picha ya mshale si lazima imaanishe mshale. Siku hizi Wathai huandika 555 wakicheka, kwa sababu tano kwao ni “ha”. Wachina huandika 520 kumwambia mtu wanampenda, kwa kuwa namba hizo zikitamkwa kwa lugha yao hukaribia sauti za maneno hayo. Wajapani huandika 39 kwa kushukuru. Wafaransa huandika K7 wakimaanisha kaseti.

Lakini usichanganye hili na 786 unayoweza kuiona kwenye mabango ya baadhi ya maduka. Ile ni jumla ya thamani za herufi za Kiarabu zilizomo kwenye Bismillahi, ambapo alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3 na kuendelea. Inahesabiwa, haitamkwi.

Tuje kwenye hela, maana hapo kijana wako amejenga utetezi wake.

Meseji moja ya kawaida ya simu ina nafasi ya baiti 140, sawa na biti 1,120. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, kwa hiyo zinaingia 160. Alama ya nafasi kati ya maneno nayo ni herufi moja katika hesabu hiyo. Ukizidisha herufi 160, ujumbe unakatwa vipande na kila kipande kinabaki na nafasi ya herufi 153, kwa kuwa sehemu hutumika kuviunganisha vipande upande wa mpokeaji. Kampuni zinazotuma meseji za wengi kwa kawaida hutoza kwa kipande.

Nimeihesabu meseji ya kijana wako: ina herufi 106. Sasa iandike yote kwa ukamilifu, bila kubadilisha mpangilio: “Ndugu wanachama, tunapokea magunia tu. Jumanne saa nne tuonane ghalani kwa sababu gari linaondoka siku hiyo. Si lazima kitambulisho.” Hiyo ina herufi 132. Zote mbili ni kipande kimoja. Ameokoa herufi 26 na hakuokoa hata senti moja.

Kinachopandisha gharama kweli ni kitu kingine, na mwambie akiangalie leo. Akiweka hata emoji moja, au alama yoyote isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji, simu inabadilisha ujumbe wote kuwa wa biti 16 kwa kila herufi. Nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70, na ukizidi hapo, vipande vya 67. Meseji yake fupi ya herufi 106 ikiwekwa kikaragosi kimoja cha mkono wa asante inakuwa vipande viwili, gharama maradufu. Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi zaidi: ile alama ya juu kwenye ng' ya ng'ombe, au kwenye jina kama Ng'apa la kule Lindi. Iliyonyooka haina shida, imo kwenye orodha. Iliyopinda, ambayo kompyuta na baadhi ya simu huiweka zenyewe, haimo, na inatosha peke yake kuuangusha ujumbe mzima hadi 70. Ndivyo ilivyo pia kwa alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu. Kijana akiandika tangazo kwenye programu ya ofisi kisha akalinakili kwenda kwenye mfumo wa meseji, alama hizo huja nazo. Mifumo mingi huonyesha kihesabu pembeni. Ikiwa maneno ni machache na kihesabu kinasema vipande viwili, atafute alama iliyopinda.

Vifupisho hivi vilikuwa na faida ya kweli enzi za simu za vitufe, na kwa anayetumia kitochi faida hiyo ipo mpaka leo. T na u ziko kwenye kitufe kimoja, cha 8: unabonyeza mara moja kwa t, unasubiri kidogo, kisha mara mbili kwa u. Namba 2 unaipata kwa kushikilia kitufe kimoja. “Si” inataka mibonyezo saba, minne ya s na mitatu ya i; c inataka mitatu. S peke yake ni minne, x ni miwili, kwa hiyo “sasa” ni mibonyezo kumi na “xaxa” ni sita. “Ku” ni minne, q ni miwili, na hapo ndipo “naqpenda” inapopata nafuu yake. Kwenye simu ya kupangusa hesabu inageuka: namba 2 kwa kawaida inataka ubadilishe ukurasa wa kibodi au ushikilie herufi, wakati “tu” ni miguso miwili. Anayeandika “2napokea” kwenye simu ya kupangusa anafanya kwa mazoea au kwa kupenda, na kupenda ni sababu halali akiongea na rafiki zake.

Basi, umkataze? Usimkataze kila mahali. Ukikataza mchezo huu kabisa utakuwa unapigana na kitu kinachowapa vijana ukaribu na furaha, na hutashinda. Ukiruhusu kila mahali, utaendelea kubeba lawama ghalani. Mwekee mpaka kwenye kazi ya chama: panapokuwa na hesabu, tarehe, saa, fedha au kukataza, namba ibaki namba na neno liandikwe neno.

Saa inahitaji uangalifu wake. Saa nne ya asubuhi, simu inaonyesha 10:00. Mtu akisoma “saa 4” huku macho yake yako kwenye simu, anasubiri ionyeshe 4:00, na ikionyesha 4:00 za mchana kwetu ni saa kumi alasiri. Ndivyo gari lilivyowaacha wale. Andika saa kwa maneno na uongeze wakati wa siku: saa nne asubuhi. Siku nazo ziandikwe kamili pamoja na tarehe. J3, J4 na J5 zinasomeka kwa wengi, lakini Jumamosi na Jumapili zinabeba mosi na pili, kwa hiyo J1 na J2 zinamtaka mtu afikiri kwanza, na Alhamisi na Ijumaa hazipati namba kabisa. Kuliko kuwa na siku tano za kifupi na mbili za kirefu, andika zote kwa ukamilifu.

Kukataza na kukanusha ni pabaya zaidi. Katika Kiswahili “hapana” ya sentensi hukaa kwenye silabi moja ndogo: si, ha, hu. Ukiigeuza silabi hiyo kuwa C, na mwanzoni mwa sentensi ikawa C kubwa iliyosimama peke yake, msomaji anaweza kuiona kama herufi ya orodha au kosa la kidole, akairuka. Kilichobaki ni “lazima kitambulisho”. Wanachama wako waliogeuza njiani walitii walichosoma. Tumia kitenzi kinachokanusha waziwazi: hakihitajiki, havipokelewi.

Kwenye fedha hatari ni kubwa kuliko magunia. “2100” inaweza kusomwa tumia, au shilingi elfu mbili na mia moja. Ukiandika “2100 namba hii kwa malipo”, mmoja atatumia namba na mwingine ataulizia hizo 2,100 ni za nini. Na “wa2” inaweza kuwa watu au wawili, kwa hiyo “wa2 wamelipwa” ni habari njema au malalamiko, inategemea nani anasoma. Tena kuna matapeli wanaotuma meseji za fedha kila siku. Matangazo ya chama yakiwa na sura moja isiyobadilika, maneno kamili na jina la chama palepale kila mara, ya bandia yatatambulika mapema.

Tangazo lile lingeweza kuandikwa hivi: “Ndugu mwanachama, tunapokea korosho JUMANNE tarehe 12, SAA NNE ASUBUHI, ghalani. Magunia pekee, idadi yoyote. Viroba havipokelewi. Kitambulisho hakihitajiki.” Tarehe weka yenu. Lina herufi 157, bado kipande kimoja, na hakuna mahali pa kukisia. Ona kwamba “tu” imebadilishwa kuwa “pekee”, kwa kuwa hata ikiandikwa kwa herufi, “magunia tu” haisemi waziwazi kwamba idadi haina kikomo. Nafasi iliyobaki ni herufi tatu, kwa hiyo ukitaka jina la chama liwemo ndani ya maandishi, ondoa “Ndugu mwanachama” na uliweke hapo, kisha uhesabu tena. Mkihifadhi matangazo ya namna hii manne au matano kwenye simu ya ofisi, la kupokea mzigo, la malipo, la mkutano, la kuahirisha, kijana atabadilisha siku na saa tu.

Kabla ya kutuma, apewe mtu mmoja ambaye hakuwepo mlipopanga, ikiwezekana mtu mzima, alisome kwa sauti kisha aseme kwa maneno yake anatakiwa kufanya nini. Asiulizwe “umeelewa?”, maana atajibu ndiyo. Aulizwe aje lini, na nini, kiasi gani. Akikosea hata kimoja, tangazo halijawa tayari.

Kwa yaliyokwisha tokea, tuma masahihisho yanayotaja kosa: kwamba idadi ya magunia haikuwa na kikomo, kwamba mliosalia na mzigo mlete siku fulani. Bandikeni pia kwenye ubao wa ghala, na wenyeviti wa vitongoji watangaze kwa wasio na simu. Ikiwa kuna mwanachama ambaye mzigo wake umekosa mnada kwa sababu ya meseji ile na anadai bei aliyoikosa, usilimalize kwa simu. Chukua meseji yenyewe na daftari la mapokezi, nenda navyo kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Kadhalika taarifa ya mkutano mkuu, ambayo masharti ya chama chenu yanaeleza itolewe vipi na kwa muda gani; hiyo usiitegemeze kwenye meseji pekee kabla hujaongea naye.

Sasa binti yako. Hofu yako ni kwamba “m2” itakula “mtu” mpaka neno lisahaulike. Uingereza, mwaka 2009, Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi walichapisha utafiti wao juu ya watoto 88 wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho vya meseji kwa wingi zaidi ndio waliokuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kusoma maneno. Hilo halithibitishi kwamba vifupisho vinafundisha kusoma, linaonyesha mambo hayo mawili kwenda pamoja, na wale walikuwa watoto wa Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hayalingani na matamshi. Kiswahili chetu kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo sitakuahidi matokeo yaleyale. Lakini linatosha kukuondolea picha ya ugonjwa unaoambukiza.

Cha kuangalia ni iwapo anajua yuko wapi. Fungua madaftari yake mawili, la maelezo ya darasani na la insha. “M2” kwenye maelezo aliyonakili mbio wakati mwalimu anafuta ubao si tatizo, hata mawakili na madaktari wana vifupisho vyao. “M2” kwenye insha ni kosa litakalomkata alama, na kidato cha pili ana upimaji wa taifa mbele yake. Kaa naye, mpe imla ya sentensi kumi zenye maneno anayoyafupisha kila siku: tu, si, sasa, kwa sababu, pamoja, kitu, nakutumia. Mwambie aandike kama anamwandikia mkuu wa shule. Akiandika zote sawasawa, uwezo wa kutenganisha anao, anachohitaji ni kukumbushwa kusoma tena insha kabla ya kuikabidhi. Zoezi lingine ambalo watoto hulipenda ni kumpa ujumbe mmoja auandike mara tatu: kwa rafiki, kwa shangazi, kwa mwalimu. Shuleni watamfundisha jambo hilohilo kwa jina la rejesta.

Kuna makosa utakayoyakuta humo ambayo simu haihusiki nayo, usije ukayapigia kelele bure. “Kwasababu” iliyoshikana, “kalibu” badala ya karibu, “apa” badala ya hapa. Hayo yanatokana na matamshi na mazoea ya mdomo, na kumnyang'anya simu hakutayarekebisha. Hayo yanataka kusoma kwa sauti na kusahihishwa pole pole, na mwalimu wake wa Kiswahili ndiye mtu wa kukusaidia.

Ikiwa kwenye imla anashindwa kuandika maneno kamili hata akipewa muda, anaruka silabi katikati ya maneno asiyoyafupisha, anasoma kwa kubahatisha neno kutokana na herufi ya kwanza, au anasogeza daftari karibu na uso, usingoje matokeo ya upimaji. Apimwe macho kwanza hospitali ya wilaya, kwa kuwa hilo ni rahisi kulitambua na mara nyingi ni rahisi kulitatua. Macho yakiwa mazima, nenda shuleni na daftari la imla mkononi, uombe mwalimu amsikilize akisoma, na kama bado haieleweki, muulizeni afisa wa elimu maalumu wa halmashauri namna ya kumfanyia tathmini.